Shibiri Moja Upande wa Kushoto

...na kigingi kiinamie nje, kilipe hema kisogo, kisisimame wima kama mlinzi mlangoni, mara ngapi nimewaambia wateja, kikisimama wima kamba inakivuta mara moja tu kimeng'oka, hema limewaangukia usoni, halafu wanarudi hapa kunilaumu mimi fundi, kumbe mikono yao wenyewe, kiinamishe, kikanyage kwa kisigino, haya, ndivyo, kimoja, cha pili, kiko wapi kile chenye kichwa kilichopinda, hiki hapa... jua la saa nane linanichoma shingo, nimepiga magoti kwenye uwanja wa nyuma wa duka letu la kukodisha mahema, nasimamisha namba saba ili nilipime kwa maji kabla ya saa kumi, maana saa kumi mteja anakuja kulichukua, na mteja mwenyewe ni yule. Yule tu, sina jina jingine la kumpa, miezi saba sasa ni yule, na miaka minane kabla ya hapo alikuwa mume wangu, bwana mpima ardhi, mtu wa kutembea na futi mfukoni hata akienda kununua mkate, na leo mume wangu huyo, si wangu, ulimi nao mgumu kuzoea, anakodi hema duka hili hili ninalofanyia kazi, kana kwamba mji mzima hauna duka lingine, kana kwamba mimi nimekufa. Bosi aliileta fomu asubuhi akaiweka mezani kwangu kifudifudi, akajifanya anatafuta kalamu, akasema fundi, namba saba inatoka leo saa kumi, halafu akashusha sauti, kama hutaki sema, nitampa namba tisa nimwambie saba imechanika, na mimi nikajikaza kisabuni nikamwambia Bosi, kazi ni kazi, mteja ni mteja, nikatabasamu hata, Mungu ananiona, na alipotoka tu nikaigeuza ile fomu. Mwandiko wake ule ule, herufi zimenyooka kama amezipigia rula. Jina, simu, siku ngapi, siku tatu, idadi ya watu... pale kwenye idadi ya watu kuna kisanduku kidogo, tarakimu moja inatosha, wateja wote huandika mbili, tatu, nne, wakaendelea na maisha yao, lakini yeye hapana, yeye kaandika mpaka akatoka nje ya kisanduku: wawili, mimi na mwenzangu. Mwenzangu! Si angeandika mbili tu, nani alimuuliza, mwenzangu ni neno alilokuwa akiniita mimi, mbele za watu, kwenye simu, leo siwezi niko na mwenzangu, msitie vitunguu mwenzangu hali vitunguu, na sasa neno zima kalibeba kampelekea mwingine kama mtu anayehamisha kitanda, yule dada wa kliniki ya meno, ndiyo, yuko kliniki ya meno, kazi yake kushika kile kimrija cha kunyonya mate, na jino langu kaling'oa bila ganzi, hilo nimeshamwambia kila mtu na kila mtu kacheka, na mimi nimecheka nao, lakini asubuhi hii nimeishika ile fomu nisione cha kuchekesha. Na chini kabisa, kwenye maelezo mengine, kaandika: naomba namba saba, halivuji.

Halivuji. Cha tatu, cha nne, kona kwa kona, ukikaza hii unakwenda kuikaza ile ya mkabala wake, hemani hakuna kupendelea upande, ukivuta mmoja tu paa linakaa upogo na maji yanatuama, na kamba isivutwe mpaka ilie, ikaze tu, maana naili ikilowa inalegea, utairudia tena... niachie maji, anauliza Babu Mpira, amesimama pale bombani na mpira wake mkononi, ndiyo maana tunamwita hivyo, si kwa kandanda, ni kwa mpira wa maji, kazi yake kuosha mahema na kuyaanika na kunimwagia maji nikiwa ndani nikitafuta palipotoboka, nasema bado Babu, paa la nje bado, anasema mwanangu, toka juani, hema lenyewe si hema la kukuua, mpe mtu lingine aende zake, nasema Babu, na wewe umesoma fomu, anasema mimi miwani yangu imevunjika tangu juzi, siwezi kusoma, Bosi ndiye kanisomea. Haya, basi mmenisomea wote. Natandaza paa la nje, nalipenyezea fito, linainuka, na hapa ndipo penye kazi, paa la nje na hema la ndani visigusane, upite upepo katikati, la nje lilowe linavyotaka, la ndani libaki kavu, vikigusana tu, hata kwa ncha ya kidole, maji yanavuka... na huku kushoto, naona, nimeona tangu zamani, sihitaji kuangalia, paa halifiki chini. Linakomea hewani. Shibiri moja. Halivuji! Linavuja, bwana mpima, linavuja tangu siku ya kwanza, na anayejua duniani ni mimi peke yangu. Hema hili, kabla sijalirudisha dukani miezi saba iliyopita, na tangu hapo halijakodishwa hata mara moja, lilikuwa letu, namba saba yake ya zamani ubavuni, nililishona mwenyewe kwa mahema mawili mabovu aliyonipa Bosi mwaka tuliooana, nikalikata sakafuni, chumba chetu cha kwanza, kile cha dirisha moja, kitanda tumekisimamisha ukutani tupate nafasi, na futi ilikuwa mfukoni mwake, ningeiomba tu, nipe futi, maneno mawili, lakini nikaona mimi ni fundi, mkono wangu unatosha, nikapima kwa shibiri, moja, mbili, tatu, na yeye kaketi mlangoni ananisimulia jinsi mkuu wao wa kazi alivyotumbukia shimo alilolipima mwenyewe, anamwigiza anavyoita jamani nivuteni, jamani msicheke, na mimi nacheka mpaka machozi, nane, tisa, nikapoteza hesabu, nikarudia kwa kubahatisha, nikakata. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nilipolining'iniza kesho yake nikaona kushoto pamepungua, nikasema moyoni nitamwambia jioni, na jioni akaja na rafiki zake wawili wa kazini, akawaonyesha, tazameni, mke wangu huyu, akishona hema hata umande hauingii, fundi wangu huyu, na akanishika bega mbele yao, na mimi, mjinga mimi, nikanyamaza. Na safari ya kwanza mvua ikanyesha kweli, si manyunyu, mvua, nikawahi kulala kushoto, maji yakaja taratibu yakanishika nyonga, nikatia taulo, nikatia sweta langu, nikajikunja, na asubuhi yule akatoka nje akajinyoosha akapiga kelele, kavu! kavu kabisa! akaniinua juu juu, akasema mbona umelowa, nikasema nimetoka kunawa.

Na ndivyo ilivyokuwa miaka minane, kila likizo, kila tulikokwenda, na kutembea tulitembea, yule hachoki, begi mgongoni na kichwa mbele kama anafukuzwa, na mimi siku zote nafika kambini kabla yake, nakimbia, nalamba kidole napima upepo unatoka wapi ili upande wa kushoto uukimbie, nalisimamisha upesi upesi kabla hajavua begi, na akija akiokota hata kigingi nasema acha, acha, unalegeza, kaa pale upumzike, mimi ndiye fundi, maana akipigilia yeye ataliweka kushoto kwenye upepo, tutaoga, au atazunguka nyuma atazame, ataona... kwa hiyo kaa pale. Kaa pale bwana. Mpaka rafiki zake wakawa wanamtania, wewe kwako ni abiria. Na asubuhi naamka kabla yake, natoka na taulo, nalikamua mbali, nalianika kichakani, narudi nimejipaka tabasamu... fundi, maji! Haya Babu, ngoja niingie, nafungua zipu, naingia, nafunga, achia sasa Babu, anza juu, halafu pembeni, usiwe na haraka. Yanaanza. Sauti ile. Niliipenda hii sauti, lazima niseme ukweli, hata na nyonga zangu zilizolowa niliipenda, yeye anapumua pembeni yangu, pakavu, na mimi ndiye niliyempa huo ukavu, na yeye hajui, na mimi najua, na ukiniuliza kwa nini sikuongeza kipande, kipande cha shibiri moja, nusu saa kwa cherehani, kitambaa kimejaa dukani, nitakwambia nini? Mara ya kwanza aibu. Mara ya pili, kiraka kingeonekana, angeuliza hiki cha nini. Mara ya tatu... mara ya tatu nilikuwa nimeshazoea, na zaidi ya kuzoea, ngoja niseme, humu ndani hakuna anayenisikia, nilikuwa napenda kumdai. Ndiyo. Tukigombana mjini kwa jambo lolote, umechelewa, umesahau, moyoni nilikuwa nasema wewe huyo unayefoka, unajua ninalala wapi kwa ajili yako? Sikuwahi kulitoa nje. Nililiweka tu, likakaa, likanenepa. Halafu Jumamosi moja asubuhi, chai iko mezani, bado ina mvuke, akatoka chumbani na mabegi mawili akaniambia bila hasira, ndicho kilichoniua, bila hasira kabisa, kama anasoma vipimo, akasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mimi miaka minane, Fundi, hukunipa hata kigingi, nimekuwa mgeni kwenye hema langu, mgeni kwenye nyumba yangu, kila kitu kaa pale, acha, mimi ndiye fundi, nimechoka kukaa pale. Na mimi nikasema nini? Mwanamke mwenye akili angesema kaa tuzungumze, kuna jambo nimekuficha. Mimi nikasema basi nenda kwa mwenye meno akakupe jembe. Maana nilishasikia habari za kliniki, nikaona sababu ndiyo hiyo, mengine ni visingizio, mwanaume akitaka kuondoka hata kijiko kikianguka ni sababu, shangazi yangu alinipigia simu akasema hivyo hivyo, mwanangu, anayekwenda hakosi njia, kaza moyo, na mimi nikakaza. Nimekaza kweli kweli. Hata kulia sijalia mbele ya mtu.

Linakuja. Hilo tone la kwanza linakuja, nalisikia nyongani, upande ule ule, maji ya Babu Mpira yana adabu, yanapita kwenye paa, yanafika ukingoni, yanakosa pa kushukia kwa sababu ukingo umeisha kabla ya wakati wake, yanarukia ukuta wa ndani, yanateremka, yanaingia kwenye mshono wa sakafu, tone, tone, kisha kijito kidogo, karibu, mgeni wangu, na nimelala kushoto bila hata kufikiri, nimejiweka mwenyewe, mwili umezoea... nje, dirishani mwa duka, Bosi yuko kwenye simu, ndiyo, la watu wanne lipo, hapana, hilo zipu mbovu, fundi wangu atalitengeneza kesho, fundi wangu hodari... na hapo ndipo shetani ananinong'oneza, na simfukuzi, namsogezea kiti. Sema ni zima. Toka, piga muhuri, limepimwa, halivuji, si ndivyo mwenyewe alivyoandika? Mpe. Yule hulala kulia, karibu na zipu, miaka yote kulia, kwa hiyo mwenzake atalala wapi? Kushoto! Mama meno na pajama zake za maua, sijui kama ana pajama za maua, nimemvika mimi, na mvua wiki hii imetabiriwa, itamshika nyonga kwanza, kisha bega, kisha nywele, wee, nywele zile za kutengenezwa, na atapiga ukelele, na yule atashtuka, hee, mbona halijawahi kuvuja, na ndipo atakapojua, mwenyewe, gizani, na taulo hana, ndipo atakapojua nani alikuwa anakunywa maji yake miaka minane. Nacheka. Nacheka mpaka hema linatikisika, unacheka nini humo, anauliza Babu, nakohoa Babu, nasema, na si kucheka tena, imegeuka, imekuwa kile kitu kingine, nimejiziba mdomo kwa mkono, jamani, namtaka, namtaka mume wangu, aje hata na matope yake, aje aniambie siku zote unajifanya unajua, aje aseme chochote. Miezi saba nalala katikati ya kitanda kama mtu aliyeshinda kesi, na sijashinda kitu.

Jikaze. Kazi. Zipu ya kulia haijakaguliwa, nayo Babu akifika upande huo lazima niitazame, kwa hiyo najiviringisha, nalala kulia, mgongo kwenye ukuta, uso naugeuzia kushoto nilikotoka... na kwanza sielewi ninachokiona. Naona mstari. Ukuta wote wa kushoto, kuanzia kichwani mpaka miguuni, jua la nje linapiga juu yake, na juu ni rangi ya chungwa, inang'aa, na chini ni nyeusi, imelowa, na kati yao umepita mstari ulionyooka kabisa, kimo chake shibiri moja, na chini ya mstari kuna madoa ya zamani, ya ukungu, mwaka juu ya mwaka, kahawia, kijivu, mtoto mdogo angeyaona. Mimi sijawahi kulala hapa. Miaka minane na sijawahi hata siku moja kuegemeza kichwa upande huu, nimekuwa nimelala juu ya siri yangu nikidhani nimeifunika, na kutoka hapa haikufunikwa na kitu, kutoka hapa ni ubao wa shule. Na yule alilala hapa. Na yule hulala amenigeukia mimi, mkono chini ya shavu, siku zote, kulikuwa kunapambazuka na yeye kanigeukia. Na yule ni mpima ardhi! Mtu anayesimama kwenye shamba la watu akasema hapa jirani kaiba nusu hatua, na wakipima inakuwa nusu hatua kamili, jicho hilo ndilo nililodhani halitaona shibiri nzima ya mkewe. Ala! Alikuwa anaona. Mungu wangu, alikuwa anaona. Asubuhi nikirudi kutoka kukamua taulo nilimkuta kafumba macho, na kope zinacheza, nikasema moyoni anaota, kumbe haoti, yu macho, ananisubiri niingie, na swali lake la kila asubuhi, kila asubuhi, umelala vizuri, Fundi? Vizuri, pakavu kabisa. Haya, sawa. Lile sawa lake. Na kuna mwaka alisema leo tubadilishane, nilale mimi kushoto, nikasema wewe unakoroma, kaa karibu na mlango upate hewa, akasema nitakoroma kwa chini chini, nikasema lala bwana. Na kuna mwaka alileta kitambaa, ndiyo, alileta kitambaa cha rangi ya chungwa, mita moja, nikamuuliza cha nini, akasema nimekiona tu sokoni nikafikiri kinaweza kukufaa kwenye kazi zako, na nikakikata mifuko ya vigingi! Nikashona mifuko ya vigingi vya watu! Na akaitazama akasema mizuri. Na kila aliposema nipe kigingi, nipe kamba, nikusaidie nini, nilidhani anataka kunifundisha kazi, kumbe mtu anabisha hodi, miaka minane anabisha hodi polepole ili asinitie aibu, na mimi niko ndani nasema hakuna mtu.

Na wewe nawe, mbona hukusukuma mlango! Ulikuwa unaona na ukanyamaza! Ukalala pakavu ukanitazama nalowa, asubuhi baada ya asubuhi, ukisubiri niseme mimi, kwani wewe mdomo ulikuwa umeshonwa, ungesema mara moja tu, mke wangu, hema lako fupi, ningekuchukia wiki moja, ningenuna, ningevunja kikombe, halafu ningeongeza kipande na leo tungekuwa... usinifanye nikuonee huruma, nimeshakuonea huruma, tayari. Sote wawili tulikuwa waungwana sana, adabu ikatumaliza. Fundi, anaita Babu, uko kimya sana humo, nizungukie nyuma? Zunguka Babu, nasema, na sauti yangu naisikia ni ya mtu mwingine, na maji yanahamia nyuma, na sasa, polepole, linakuja jambo jingine, na hili ndilo lenye meno. Kama alikuwa anajua, basi anajua. Hakuandika halivuji kwa ujinga. Labda kaandika kwa ajili ya Bosi, ili fundi asiumbuliwe kazini kwake, hata sasa, hata baada ya mabegi mawili, huenda, yule ana moyo huo. Labda kaandika kunikejeli. Sijui, na sitamuuliza. Lakini namba saba kaitaka mwenyewe, anajua kushoto panavuja, na safari hii hakuna wa kumwambia kaa pale, vigingi atapigilia mwenyewe, atavipigilia wima, simfundishi, na usiku ukiingia atamwambia mwenzake wewe lala huku, karibu na mlango, kuna hewa. Na yeye atalala kushoto. Namuona. Atalala kushoto kwa furaha, kwa hamu ya miaka minane, na mvua itamshika nyonga, na asubuhi yule dada atamgusa tu mgongo atasema hee, wewe, umelowa chapachapa, hema lako linavuja! Hivyo hivyo, kwa sauti, bila kufikiri, kitu kidogo kama hicho, na yule atacheka kama alivyokuwa anacheka kwenye chumba cha dirisha moja, na watatoka nje wote wawili wakashike taulo huku na huku, wamkamue maji... si wamkamue, walikamue, taulo, hata maneno sasa yananitoka ovyo. Hicho tu ndicho alichokitaka. Hakutaka hema kavu. Alitaka wa kulowa naye.

Maji yanaendelea, Babu Mpira ana subira ya kuosha dunia nzima, anagonga paa kwa vidole viwili, sema basi, vipi, na nimelala kulia, mahali pake, natazama kushoto panavyojaa, na nasema Babu, linavuja. Anasema nini, sikusikii. Nasema linavuja! Kushoto, chini, pote! Nililikata fupi mwenyewe, shibiri moja, limekuwa likivuja tangu mwanzo! Maji tu, na Bosi dirishani kashusha simu sikioni, wamesikia wote, basi wasikie, kumbe halichukui hata pumzi mbili kulisema, kumbe ni jepesi hivi, loo. Babu anasema haya, mwanangu, si ajabu, vitu huvuja, sasa tumpe namba tisa? Hapana, nasema, nitaongeza kipande, nusu saa, saa kumi litakuwa tayari, anasema una moyo wa dhahabu wewe, mwingine angemwachia alowe, na mimi nataka kumwambia Babu, usinisifu, huo si moyo wa dhahabu, nitashona mishono miwili, nitatia gundi, nitaziba mpaka pasipite hata pumzi, pawe pakavu kulia na pakavu kushoto, ili mume wangu asipate pa kulowea kwa ajili ya mwanamke mwingine, lakini simwambii, maji bado yanamwagika na mimi bado sijainuka.